Kufufua bwawa la kale: tunayodhani, na yaliyotokea Penzance

Penzance ni mji mdogo katika jimbo la Cornwall, kusini-magharibi kabisa mwa Uingereza. Ufukweni pake kuna Jubilee Pool, bwawa la maji ya bahari lililofunguliwa 1935, mwaka wa jubilei ya Mfalme George V. Februari 2014 dhoruba zililivunjavunja, likafungwa hadi 2016. Kila yanapozungumzwa mabwawa ya zamani yaliyotelekezwa nasikia hoja zilezile, na bwawa hili linazijibu.

"Ni kuziba nyufa na kupiga rangi tu."
Laiti ingekuwa hivyo. Rangi huja mwisho kabisa. Adui ni chumvi: hupenya zege polepole hadi kwenye nondo, nondo hushika kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, hivyo zege hupasuka kutokea ndani. Fundi anayeijua kazi hupita na nyundo ndogo akigonga ukuta hatua kwa hatua. Zege zima hutoa mlio mkali. Lililoachana hulia kama debe tupu. Kabla hajamaliza kugonga na kuweka alama za chaki, makadirio yoyote ya gharama ni kubahatisha. Tena penye bahari, mawimbi huchimba msingi. Frank Latham, mhandisi wa mji aliyelisanifu bwawa hili, alilijua hilo: alilipa umbo la pembetatu lenye mikunjo laini, lisipokee kishindo cha wimbi kifua wazi.

"Likishaorodheshwa kuwa urithi, haliguswi."
Hugusika, kwa kibali na kwa adabu. Jubilee Pool limo kwenye orodha ya majengo yanayolindwa kisheria, lakini 2020 sehemu yake moja ilitengwa na kutiwa joto linalotoka ardhini, kupitia kisima chenye kina cha mita 410. Sehemu kubwa iliyobaki ni maji baridi ya bahari, kama zamani.

Hapa kuna dhana nyingine, hasa kwetu tuliozoea kusikia habari za Olkaria, mitambo ya umeme wa jotoardhi huko Naivasha, Kenya: kwamba jotoardhi lazima litoke kwenye volkano. Cornwall haina volkano hai. Ina matale (graniti), na ndani ya miamba hiyo mna urani, thori na potasiamu zinazotoa joto kidogo kidogo kwa mamilioni ya miaka. Joto hilo halitoshi kurusha mvuke wa Naivasha, lakini likisaidiwa na pampu za joto, maji ya kuogea hufika nyuzi 35 hivi. Mtu mzee mwenye maumivu ya viungo anaweza kuingia humo wakati wa baridi, na kwangu hilo lina uzito kuliko uzuri wote wa usanifu.

"Serikali italipa, au atajitokeza tajiri."
Fedha za umma zilichangia, na zilihitajika. Lakini zaidi ya watu 1,000 pia walinunua hisa katika chama cha kijamii kinacholiendesha bwawa, wakakusanya zaidi ya pauni 500,000. Aliyeweka nyingi na aliyeweka chache, kila mmoja ana kura moja. Hisa hizo haziuzwi sokoni, kwa hiyo hakuna mwekezaji anayeweza kuzikusanya kimyakimya akakifanya chama kuwa chake.