Nani Kaandikwa Ukutani? Dhana Potofu Kuhusu Kumbukumbu za Wanajeshi, Polisi na Mbwa wa Kazi nchini Marekani

Kila ifikapo Mei, na tena Novemba, picha za kumbukumbu za mashujaa wa Marekani husambaa mitandaoni: ukuta mweusi uliojaa majina, simba wa shaba, sanamu ya askari akiwa na mbwa pembeni. Pamoja na picha huja maelezo, na mengi si ya kweli. Baadhi ni makosa madogo tu. Mengine yanawadhulumu watu, na wanyama pia, ambao kumbukumbu hizo zilijengwa kwa ajili yao. Hayo ndiyo yananiuma, kwa sababu kila kumbukumbu ya aina hii inabeba swali lile lile: nani kaandikwa, nani kaachwa, na nani alihangaika mpaka jina likaandikwa.

Dhana: Kumbukumbu ya maveterani ni ya waliokufa vitani

Marekani ina siku mbili tofauti, na hata Wamarekani wenyewe huzichanganya. Memorial Day, Jumatatu ya mwisho ya Mei, ni ya wanajeshi waliopoteza maisha wakiwa kazini. Mizizi yake ni mwaka 1868, watu walipoitwa kuweka maua kwenye makaburi ya askari wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe. Veterans Day, tarehe 11 Novemba, ni ya wote waliolitumikia jeshi, walio hai na waliotangulia. Jina hilo lilianza kutumika mwaka 1954. Kabla ya hapo siku hiyo iliadhimisha kusitishwa kwa mapigano ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Ukimpongeza mwanajeshi mstaafu siku ile ya Mei, usishangae akikujibu kwa upole kwamba siku hiyo si yake, ni ya wenzake ambao hawakurudi.

Kwenye kuta mambo si mepesi hivyo. Ukuta wa Vietnam uliopo Washington umepewa jina la maveterani wa vita hivyo, lakini majina yaliyochongwa, zaidi ya 58,000, ni ya waliofariki au waliotoweka. Aliyerudi nyumbani akafa miaka mingi baadaye kwa maradhi yaliyotokana na Agent Orange, ile dawa ya kukausha majani ya misituni, hayumo. Aliyejitoa uhai kwa mateso aliyorudi nayo moyoni, naye hayumo. Mwaka 2004 liliwekwa bamba karibu na ukuta kwa ajili ya watu hao. Bamba hilo halina jina hata moja.

Dhana: Majina yamepangwa kwa alfabeti au kwa vyeo

Hapana, na sababu yake inafaa kuelezwa kwa kituo. Mbunifu wa ukuta wa Vietnam, Maya Lin, alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu mwenye umri wa miaka 21 aliposhinda mashindano yaliyopokea michoro zaidi ya 1,400 mwaka 1981. Alipanga majina yafuate tarehe ambazo watu hao walipatwa na mauti. Yanaanzia katikati, pale kuta mbili zinapokutana, mwaka 1959. Yanakwenda kulia hadi ncha ya ukuta wa mashariki, kisha yanaanza tena kwenye ncha ya magharibi na kurudi hadi katikati, mwaka 1975. Wa mwanzo na wa mwisho wanakutana hapo. Vyeo havikuandikwa kabisa.

Walikuwepo waliotaka alfabeti, wakidai ingewarahisishia ndugu kutafuta. Lakini akina Smith pekee ni mamia. Mama angefika na kumkuta mwanawe amezama katika orodha ya watu asiowajua. Kwa mpangilio wa Lin, vijana waliouawa katika shambulio moja wapo pamoja kwenye jiwe, na mwenzao aliyenusurika akifika huwakuta wote mahali pamoja. Kwangu mimi huo ndio uamuzi wenye huruma kuliko yote katika kazi ile.

Ukisogea karibu utaona alama ndogo kando ya kila jina. Umbo la almasi maana yake kifo kimethibitishwa. Msalaba maana yake hajulikani alipo. Mabaki ya mtu yakipatikana na kutambuliwa, fundi huchonga almasi kuuzunguka msalaba ule ule. Na kama mtu angerudi akiwa hai, msalaba wake ungezungushiwa duara. Duara hilo halijawahi kuchongwa.

Kumbukumbu ya kitaifa ya polisi, iliyozinduliwa Oktoba 1991 katika eneo la Judiciary Square, Washington, ina mpango wake. Majina kwenye kuta zake mbili za marumaru hayafuati alfabeti wala tarehe. Ukitaka kumpata ndugu yako unatazama kwanza orodha, unapata namba ya bamba na namba ya mstari, ndipo unakwenda ukutani. Mtu anaweza kudhani ni uzembe. Ukweli ni kwamba kuta hizi zilijengwa zikijua kwamba majina yataendelea kuja, na mpangilio wa alfabeti usingestahimili hata mwaka mmoja.

Dhana: Ukishazinduliwa, ukuta umekamilika

Kila mwaka kabla ya tarehe 15 Mei, siku ya kuwakumbuka maofisa wa usalama iliyotangazwa na Rais Kennedy mwaka 1962, majina mapya huchongwa kwenye kuta za polisi na kusomwa katika mkesha wa mishumaa. Baadhi ni ya waliofariki mwaka uliotangulia. Mengine ni ya maofisa wa miaka mingi iliyopita, ambao vifo vyao vilikuwa vimesahaulika mpaka mtu akafukua kumbukumbu za zamani na kuwasilisha ushahidi. Wapo simba wa shaba wanaozilinda kuta hizo, wakubwa wakiwaangalia watoto wao, na majina yaliyo nyuma yao tayari yamepita 20,000.

Dhana: Polisi wanaoandikwa ni waliopigwa risasi na wahalifu

Risasi zimewaua wengi, hilo halina ubishi. Lakini kuta zile zinabeba pia maofisa waliogongwa na magari wakiwa wamesimama kando ya barabara kuu kumsaidia dereva, waliozama wakiokoa watu, walioanguka na pikipiki. Mwaka 2020 na 2021 kilichoongoza kuua maofisa wa polisi Marekani kilikuwa COVID-19. Hawakuwa na nafasi ya kufanya kazi wakiwa nyumbani.

Tarehe 11 Septemba 2001 ndiyo siku iliyoua maofisa wengi zaidi katika historia ya nchi hiyo: 72 kwa siku moja, 37 kati yao wakiwa wa polisi wa Mamlaka ya Bandari ya New York na New Jersey. Na siku hiyo haijaisha. Maofisa waliofanya kazi kwenye vifusi vya majengo ya World Trade Center kwa wiki na miezi walivuta vumbi lenye sumu, na kwa miaka mingi sasa majina yao yameendelea kuongezwa mmoja baada ya mwingine, kwa saratani na magonjwa ya mapafu. Anayesema kwamba hao "waliugua tu" aende akasome majina hayo.

Dhana: Serikali ndiyo iliyolipia

Ukuta wa Vietnam ulijengwa kwa michango ya watu, jumla ya takriban dola milioni 8.4. Aliyeanzisha harakati mwaka 1979 ni Jan Scruggs, askari wa kawaida wa miguu aliyejeruhiwa vitani. Bunge lilitoa ardhi. Mnara wa kitaifa wa mbwa wa kijeshi, nitakaoueleza hapa chini, nao uliruhusiwa kwa sheria lakini fedha zilitafutwa na wananchi.

Dhana: Mbwa wa vita walikuwa na vyeo na nishani kama askari

Hapa ndipo hadithi zinapopamba moto. Stubby, mbwa wa Vita vya Kwanza vya Dunia aliyefuatana na kikosi cha 102 cha askari wa miguu hadi Ufaransa, huitwa "Sajenti Stubby" kila mahali. Alikuwepo kweli, alijeruhiwa kweli, na mwili wake umehifadhiwa katika taasisi ya Smithsonian. Ila hakuna hati ya jeshi inayoonyesha kwamba alipewa cheo hicho. Vilevile ule usemi kwamba mbwa wa jeshi humzidi mwongozaji wake kwa cheo kimoja ni desturi ya askari wenyewe, ya kumkumbusha kijana asimtendee mbwa vibaya. Hauna nguvu ya kisheria.

Chips anastahili maelezo zaidi. Huyu ni mbwa chotara aliyetolewa na familia moja ya jimbo la New York kwa ajili ya jeshi. Julai 1943, kisiwani Sicily, alichomoka kwa mwongozaji wake akavamia kibanda kilichokuwa kikiwamiminia risasi, na askari wa adui wakatoka wakijisalimisha. Alipewa nishani, kisha akanyang'anywa, kwa hoja kwamba nishani za jeshi ni za binadamu. Baada ya vita alirudishwa kwa familia yake. Mwaka 2018, miaka zaidi ya 70 baadaye, alitunukiwa Nishani ya Dickin jijini London, ambayo shirika la Uingereza la PDSA limekuwa likiwapa wanyama tangu 1943. Heshima yake rasmi ilitoka nje ya nchi aliyoipigania.

Dhana: Mbwa hawa siku zote walirudi nyumbani na wenzao

Laiti ingekuwa kweli. Katika Vita vya Pili vya Dunia mbwa wengi walikuwa wametolewa na familia, kwa hiyo waliobaki hai walifundishwa upya kuishi na watu na kurudishwa uraiani. Vietnam mambo yaligeuka. Mbwa wa huko walikuwa mali ya jeshi, wakahesabiwa kuwa vifaa. Kati ya mbwa wapatao 4,000 waliotumika, takriban 200 tu ndio walioondoka. Waliosalia walikabidhiwa jeshi la Vietnam Kusini au kuuawa kwa sindano. Kuna wazee Marekani ambao mpaka leo hawawezi kulizungumzia jambo hilo bila kulia. Mbwa ndiye aliyetembea mbele yao msituni, akinusa uzi wa mtego kabla mguu haujaugusa, kisha wakaamriwa wamfunge bandani na wapande ndege.

Ilichukua hadi Novemba 2000 kwa Rais Clinton kutia saini sheria iliyoruhusu mbwa wa jeshi wastaafu kuchukuliwa na watu wa kuwatunza. Iliitwa sheria ya Robby, kwa jina la mbwa ambaye mwongozaji wake alimwomba akamkosa. Robby mwenyewe hakufaidika; alikuwa mgonjwa mno, akauawa kwa sindano mwanzoni mwa 2001. Mwaka 2015 sheria ikakazwa zaidi, kwamba mbwa anayestaafu akiwa nje ya nchi arudishwe Marekani.

Dhana: Kumjengea mbwa mnara ni kumshusha askari

Hoja hii huisikia kwa watu ambao hawakuwahi kufanya kazi na mbwa hao. Tazama ni nani waliodai kumbukumbu zenyewe. Julai 1944 wanamaji wa Marekani walipoteka tena kisiwa cha Guam, mbwa 25 waliuawa wakiwa nao. William Putney, daktari wa mifugo na ofisa aliyeongoza kikosi cha mbwa, hakuwasahau. Alipigania wapate mahali pa heshima, na tarehe 21 Julai 1994, miaka 50 kamili tangu wanamaji watue ufukweni, sanamu ya mbwa wa aina ya Doberman aliyelala akiwa macho ilizinduliwa kisiwani humo. Chini yake yameandikwa majina: Kurt, Skipper, Pepper, Ludwig, Hobo na wenzao. Kila mmoja kwa jina lake, jambo ambalo lile bamba la Washington halikuweza kuwafanyia binadamu.

Mnara wa kitaifa wa mbwa wa kijeshi, ulio katika kambi ya jeshi ya Lackland, San Antonio, jimbo la Texas, uliozinduliwa Oktoba 2013, ulisukumwa na John Burnam, aliyewahi kuongoza mbwa Vietnam. Una askari wa shaba akiwa na mbwa wa aina nne: Doberman, German Shepherd, Labrador na Belgian Malinois. Pembeni kuna chemchemi yenye sanamu ya askari wa Vietnam akimimina maji ya chupa yake kwenye kofia ya chuma ili mbwa wake anywe. Askari aliyekuwa na maji kidogo akamgawia mbwa kwanza hajashushwa hadhi na mtu yeyote.

Dhana: Mbwa wa jeshi, wa polisi na wa msaada ni kitu kimoja

Sanamu nyingi mpya huwaweka pamoja, na hilo si vibaya, ila kazi zao ni tofauti na sheria zao ni tofauti. Mbwa wa jeshi hunusa mabomu na kulinda kambi. Mbwa wa polisi hufuata nyayo, hutafuta dawa za kulevya na vilipuzi, hukamata. Sirius, Labrador wa Mamlaka ya Bandari, ndiye mbwa wa polisi pekee aliyekufa katika majengo ya World Trade Center mwaka 2001. Mabaki yake yalipatikana Januari 2002 na kutolewa kwa heshima za askari. Tangu mwaka 2000, kumuua mbwa wa polisi wa serikali kuu ni kosa linaloweza kumfunga mtu hadi miaka 10.

Mbwa wa msaada hamkamati mtu yeyote. Huyu hufunzwa kumsaidia mtu mmoja mwenye ulemavu: kumfungulia mlango, kumwokotea kitu, kumwamsha katikati ya jinamizi la vita. Shule ya kwanza ya mbwa wa kuongoza vipofu ilifunguliwa Oldenburg, Ujerumani, mwaka 1916, kwa ajili ya askari waliopoteza macho katika vita vilivyokuwa bado vinaendelea. Marekani ilipitisha sheria Agosti 2021 inayoitaka idara ya maveterani ifanye majaribio ya kuwapa wenye kiwewe cha vita nafasi ya kushiriki kuwafunza mbwa hao. Wanaopanga kujenga kumbukumbu ya wote watatu wangefanya vyema kuandika chini ya kila mbwa alikuwa akifanya kazi gani, na jina lake kama linajulikana.