Nyungunyungu hahamishwi kwa ndoo

Nilipokuwa bado mgeni katika kazi ya ugani kwenye milima ya Kalinzi, mkoani Kigoma, nilibeba ndoo ya nyungunyungu wekundu kutoka kwenye kreti la mboji nililoliweka nyuma ya nyumba, nikawafukia katika shamba la mahindi la mzee mmoja ambaye udongo wake ulikuwa umechoka. Mzee alinitazama hadi nilipomaliza, kisha akauliza, "Bwana shamba, hawa watakula nini humu?" Nilimjibu kwa kujiamini kwamba watakula udongo. Mvua zilipokolea tulichimba palepale, na hatukumkuta hata mmoja.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kudhani kwamba nyungunyungu wote ni wamoja. Wale wekundu wa kwenye mboji, ambao wataalamu huwaita Eisenia fetida, ni wakazi wa samadi na majani yanayooza, na ukiwatia katika udongo mtupu wa shambani umewahukumu kufa. Wanaofanya kazi shambani ni wengine: wapo wanaoishi ndani ya udongo wenyewe, mara nyingi wenye rangi hafifu, wakila udongo uliochanganyika na mabaki ya mizizi, na wapo wanaochimba mashimo ya kwenda chini moja kwa moja, ambao usiku hupanda juu na kuvuta majani makavu hadi shimoni. Hawa hawahitaji kuletwa, kwa kuwa wakipata chakula, unyevu na utulivu huongezeka wenyewe.

Nyungunyungu hana meno. Ana firigisi kama kuku, ambamo chembe za mchanga husaga kile alichomeza, na kutoka hapo chakula hupita katika utumbo uliojaa ute na bakteria wanaoendelea kukivunja. Asubuhi baada ya mvua ya usiku, inama chini ya mgomba na uyapekue majani taratibu: utaona vilima vidogo vilivyoviringana kama tambi, laini ukivibonyeza, lakini vikishakauka huwa vigumu kiasi kwamba matone ya mvua hayavibomoi upesi. Hicho ndicho kinyesi chake. Uchambuzi mmoja uliochapishwa Marekani mwaka 1944 ulionyesha kwamba, ikilinganishwa na udongo wa jirani, kinyesi hicho kilikuwa na naitrojeni ya naitreti mara 5, fosforasi inayopatikana kwa mmea mara 7 na potasiamu mara 11.

Tarakimu hizo hunukuliwa sana na wauzaji wa mboji, na hunukuliwa nusu. Nyungunyungu haumbi naitrojeni wala fosforasi. Anafungua iliyokuwa imefungwa ndani ya mabaki na ndani ya udongo. Katika udongo mwekundu wenye tindikali, ambamo chuma na alumini huishika fosforasi kwa nguvu, kufungua huko si jambo dogo, ila palipo na ghala tupu hakuna cha kufungua. Mapitio ya tafiti nyingi yaliyochapishwa mwaka 2014 yalikuta kwamba kuwapo kwa nyungunyungu huongeza mavuno kwa wastani wa asilimia 25, kwamba faida hiyo hukua pale masalia mengi ya mazao yanaporudishwa shambani, na kwamba hutoweka pale udongo unapokuwa tayari na naitrojeni ya kutosha. Mzee alikuwa ameuliza swali hilohilo kwa maneno machache zaidi.

Kwenye miteremko kama yetu, mimi nayathamini mashimo kuliko hata kinyesi. Maji ya mvua kubwa ambayo yangeshuka bondeni na udongo wa juu huingia humo, na mizizi nayo huifuata njia iliyokwisha kutobolewa. Sehemu kavu zaidi, kama mashamba mengi ya Tabora, sehemu kubwa ya kazi hii hufanywa na mchwa, kwa sababu nyungunyungu hupumua kwa ngozi, na ngozi ikikauka hufa. Kiangazi wengi wao hushuka chini na kujikunja kama fundo, wakisubiri mvua.

Wanaowafukuza shambani ni sisi wenyewe. Moto wa kuandaa shamba huteketeza chakula chao na kuuacha udongo uchi juani, na kulima kwa kina mara kwa mara huwakatakata. (Aliyekatwa katikati hawi nyungunyungu wawili, kipande chenye kichwa kikibahatika huota mkia, na basi.) Katika kahawa, mrututu unaopuliziwa dhidi ya magonjwa ya ukungu kwa miaka mingi huacha shaba udongoni, na shaba ikirundikana huwadhuru. Sisemi kahawa isipuliziwe. Nasema isipuliziwe kwa mazoea.

Anayetaka kujua hali ya shamba lake achimbe mraba wa sentimita 25 kwa 25 hadi kina cha sentimita 30, mvua zikiwa zimekolea, apekue udongo kwa mkono juu ya gunia, kisha azidishe idadi kwa 16 ili apate hesabu ya mita moja ya mraba. Wanane, kwa mfano, ni 128. Afanye hivyo chini ya migomba na afanye tena katika shamba linalochomwa kila mwaka, halafu alinganishe.

Kwa yule mzee hatukupeleka ndoo nyingine. Aliacha kuchoma mabua, akayalaza kati ya mistari, akaongeza maganda ya maharage na samadi ya mbuzi kidogo alichokuwa nacho. Msimu wa kwanza sikuona tofauti ya maana. Baada ya misimu mitatu vilima vya kinyesi vilikuwa vimeanza kuonekana kuanzia upande wa migomba, vikisogea kuingia kwenye mahindi. Nilipompitia mara ya mwisho alikuwa akiwafokea wajukuu wake, waliokuwa wamechimba pembeni mwa shamba na kopo mkononi, wakitafuta chambo cha kwenda kuvulia ziwani.