Je, wajua? Neno moja katika Baba Yetu limewashinda wafasiri tangu zamani

Kwenye msiba wenye watu wa madhehebu mbalimbali, Baba Yetu huenda sawia hadi katikati, kisha sauti zinapishana. Wakatoliki wanasema "utupe leo mkate wetu wa kila siku". Waliozoea Biblia ya Union Version wanasema "utupe leo riziki yetu" na kumaliza mapema, halafu wanawangoja wenzao. Chanzo ni Kigiriki chenyewe.

Katika Mathayo 6:11 na Luka 11:3, mkate unaoombwa unaelezwa kwa neno epiousios. Ukiacha sala hii, neno hilo halimo popote pengine katika Agano Jipya. Origen wa Aleksandria, mwanazuoni wa karne ya 3 aliyekisema Kigiriki tangu utotoni, aliandika kwamba wasomi hawalitumii wala watu wa kawaida hawalijui. Yeye aliona wainjili ndio waliolibuni. Sasa kama Origen lilimtatiza, sisi tufanyeje?

Yeronimo, aliyetengeneza Biblia ya Kilatini mwishoni mwa karne ya 4, alifanya jambo la ajabu: neno hilohilo akalipa tafsiri mbili. Kwa Luka aliacha "wa kila siku", kwa Mathayo akaweka supersubstantialem, yaani mkate upitao vitu vyote, akiligawa neno kuwa epi (juu ya) na ousia (asili, kiini). Hata hivyo alieleza kwamba katika injili moja ya Kiebrania alikuta mahar, maana yake kesho.

Mwaka 1889 ilichapishwa karatasi ya mafunjo kutoka Misri, orodha ya matumizi tu, na aliyeisoma akadhani ameliona neno letu humo. Kwa miaka mingi vitabu viliinukuu kuwa ushahidi wa "posho ya siku", huku karatasi yenyewe haijulikani iliko. Ilipopatikana Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, mwaka 1998 na kusomwa upya, ikaonekana imeandikwa elaiou: mafuta ya zeituni. Ushahidi wa pekee ukawa umeyeyuka.

Mimi naegemea upande wa kesho. Matendo 16:11, Paulo anapotoka Samothrake kwenda Neapoli, "siku ya pili yake" kwa Kigiriki ni epiousa, ndugu wa karibu kabisa wa neno letu. Tena katika ombi hilohilo Luka anasema "siku kwa siku" kwa maneno mengine kabisa ya Kigiriki. Tukishikilia kwamba epiousios nalo ni "wa kila siku", Luka atakuwa anaomba: utupe kila siku mkate wetu wa kila siku.

Wafasiri wa Union Version walilikwepa fumbo lote kwa werevu. Riziki ni kile kimtoshacho mtu, kiwe cha leo au cha kesho, kwa hiyo hawakuhitaji kuongeza kitu.