Jasho la mtoto anaponyonya si joto la Mombasa

Mwanangu hutoka jasho kichwani akinyonya. Si joto tu?

Si joto. Kila Kaskazi naambiwa hivyohivyo, huku mtoto amebaki mifupa. Jasho la joto humpata hata akilala. Hili humtoka akiwa titini: ananyonya kidogo, anaacha, anahema, anasinzia, kisha anaamka na njaa. Ndivyo ilivyo kwa wengi wenye kasoro ya moyo, kama tundu kwenye ukuta wa katikati. Kunyonya kwake ni kazi ngumu. Si joto, mama. Mpeleke akapimwe.

Lakini alizaliwa kilo tatu, mzima kabisa.

Matundu makubwa mara nyingi hayajionyeshi siku za kwanza. Dalili huanza baada ya wiki kadhaa, damu inapozidi kwenda mapafuni. Fungua kitabu cha kliniki: mstari wa uzito ukilala, usingoje tarehe ya chanjo.

Mama mkwe asema maziwa yangu hayamshibishi, nimpe uji.

Hapana. Kabla ya miezi 6 hapana uji, hapana maji, hapana chai. Uji mwepesi hujaza tumbo tu. Mtoto huyu huhitaji nguvu kuliko wenzake, mara nyingi kalori 120 hadi 150 kwa kila kilo kwa siku. Wanaozidisha maji kwenye maziwa ya kopo ili yadumu wanamtia njaa vilevile. Mama mkwe apewe heshima yake, na uji aunywe yeye.

Basi nimlishe vipi?

Kidogo kidogo, kila baada ya saa mbili au tatu, usiku pia. Ikipita nusu saa, mpumzishe. Anatumia nguvu nyingi kuliko anazopata. Kamua yaliyobaki umpe kwa kikombe kidogo. Akishindwa, hospitali humwekea mrija puani. Msiukatae: mrija humlisha bila kumchosha. Cha kuongeza nguvu kwenye maziwa, daktari ndiye aseme.

Tumeambiwa ni zongo, yaani jicho la hasidi, azinguliwe kwanza.

Kwanza hospitali. Dua husomeka hata kwenye feri ya Likoni. Nendeni leo hii, hata usiku, akishindwa kunyonya, kifua kikibonyea ndani, midomo ikiwa ya buluu, au akipumua mara 60 na zaidi kwa dakika akiwa ametulia (mara 50 akiwa ametimiza miezi 2). Na kama ni jasho la titini pekee, kliniki kesho asubuhi.