Data nyingi si lazima ziwe sahihi

Wengi huamini kwamba takwimu zikiwa nyingi mno haziwezi kupotosha. Mwaka 1936, jarida la Literary Digest la Marekani lilikusanya majibu ya wapigakura zaidi ya milioni 2, likatabiri ushindi wa Alf Landon katika uchaguzi wa urais. Rais aliyekuwa madarakani, Franklin Roosevelt, alimbwaga katika majimbo 46 kati ya 48. Majina mengi yalitoka kwenye vitabu vya simu na orodha za wenye magari, tena wakati uchumi umeanguka. Maskini wengi hawakuwamo. George Gallup, mtafiti wa maoni ya umma, alihoji watu wachache zaidi, akapatia.

Data kubwa zina faida kweli. Nchini Kenya, rekodi za simu za watu karibu milioni 15 ziliwaonyesha watafiti jinsi wasafiri wanavyobeba malaria kutoka kanda ya Ziwa Victoria. Ila watoto wadogo, wanaouawa zaidi na malaria, hawana laini.