Je, wajua kwa nini besiboli ya Marekani haikuwa na bingwa mwaka 1994?

Ukisoma orodha ya mabingwa wa besiboli ya Marekani utakuta Toronto Blue Jays mwaka 1992, Toronto tena 1993, halafu unarukia Atlanta Braves 1995. Mwaka 1994 hauna jina. World Series, fainali inayompata bingwa, ilikuwa imechezwa kila mwaka tangu 1905. Vita vikuu viwili vya dunia havikuizuia. Mwaka 1989 tetemeko la ardhi lilipiga San Francisco dakika chache kabla ya mechi ya tatu, nayo ikasimama siku kumi tu kisha ikaendelea. Kilichokuja kuifuta kabisa ni ugomvi wa wamiliki wa timu na waajiriwa wao.

Muulize shabiki wa kawaida nani alaumiwe, atakujibu bila kufikiri: wachezaji, wana tamaa. Mimi ni shabiki pia, na nasema mapema kwamba katika ugomvi huu naegemea upande wa wachezaji. Sababu zangu zinaanzia mbali kidogo, kwenye kifungu kimoja cha mkataba.

Mwaka 1879 wamiliki wa timu walikubaliana kimyakimya kwamba kila timu iwe na haki ya kuwashikilia baadhi ya wachezaji wake, wasichukuliwe na timu nyingine. Baadaye kikawekwa kwenye mikataba ya wachezaji wote kifungu kinachosema kwamba mkataba ukiisha, timu inaweza kuuongeza kwa mwaka mmoja. Wamiliki wakakitafsiri hivi: mwaka huo mmoja ukiisha, tunaongeza mwingine, na mwingine, mpaka mchezaji azeeke. Hata kama hakutia saini. Timu ilikuwa na uhuru wa kumuuza au kumbadilisha na mtu mwingine, na yeye alikuwa na uhuru wa kuacha besiboli akatafute kazi nyingine. Mwaka 1922 Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua kwamba sheria za kuzuia ukiritimba haziuhusu mchezo huu, na mlango ukafungwa kwa kufuli.

Curt Flood ndiye aliyejaribu kulivunja. Alicheza St. Louis Cardinals miaka kumi na miwili, mmoja wa walinzi bora wa uwanja wa kati, na mshahara wake ulikuwa dola 90,000 kwa mwaka. Oktoba 1969 aliambiwa amebadilishwa, anakwenda Philadelphia. Mkesha wa Krismasi mwaka huo alimwandikia barua kamishna wa ligi, Bowie Kuhn, akimweleza kwamba haoni kuwa yeye ni mali ya kununuliwa na kuuzwa bila kuulizwa anataka nini. Watu wakamcheka: dola 90,000 na bado analalamika! Flood, mtu mweusi aliyeonja ubaguzi wa kusini mwa Marekani tangu ujana wake, aliwajibu kwenye televisheni kwamba mtumwa anayelipwa vizuri bado ni mtumwa. Kesi yake ilifika Mahakama Kuu, na mwaka 1972 akashindwa kwa kura tano dhidi ya tatu. Msimu wa 1970 hakuugusa mpira, 1971 akacheza mechi 13 tu Washington, akaishia hapo.

Wapenzi wa soka wanalijua jina la Jean-Marc Bosman, Mbelgiji aliyeshinda kesi Desemba 1995 na kuwawezesha wachezaji wa Ulaya kuondoka bure mikataba yao inapoisha. Flood alidai haki ya namna hiyo miaka ishirini na mitano kabla yake, akalipa kwa kazi yake, na matunda wakala wengine. Desemba 1975 mwamuzi wa migogoro ya kazi, Peter Seitz, aliletewa shauri la warushaji wawili, Andy Messersmith na Dave McNally, waliokuwa wamemaliza mwaka mzima bila kutia saini mkataba mpya. Seitz alikisoma kile kifungu akaamua kwamba mwaka mmoja maana yake ni mwaka mmoja. Wamiliki wakamfukuza kazi papo hapo, lakini uamuzi ulisimama.

Nyuma ya shauri hilo alikuwepo Marvin Miller, aliyetoka chama cha wafanyakazi wa viwanda vya chuma kuja kuongoza chama cha wachezaji mwaka 1966. Alipofika, mshahara wa chini kabisa kwenye ligi kuu ulikuwa dola 6,000 kwa mwaka, na wachezaji wengi walifanya vibarua vingine majira ya baridi. Miller aliwafundisha jambo ambalo wafanyakazi wa chuma walilijua siku nyingi: mkataba wa hali bora unapatikana pale mwajiri anapoamini kweli kwamba mnaweza kuacha kazi.

Mara ya kwanza waliacha kazi Aprili 1972, kwa ajili ya pensheni. Siku 13, mechi 86 zikafutwa, na ikaamuliwa zisirudiwe. Sasa angalia kilichompata shabiki wa Boston. Kwa kuwa kila timu ilipoteza idadi yake ya mechi, Detroit Tigers walimaliza wakiwa wamecheza 156, Boston Red Sox 155. Detroit walishinda 86 wakafungwa 70. Boston walishinda 85 wakafungwa 70. Detroit wakachukua ubingwa wa kundi lao kwa tofauti wanayoiita nusu mechi, na ile mechi moja ambayo Boston hawakuicheza haikuchezwa mpaka leo. Hakuna aliyeiba, hakuna aliyekosea hesabu.

Mwaka 1981 ilikuwa mbaya zaidi. Mgomo ulianza Juni 12 ukala karibu miezi miwili katikati ya msimu. Waliporudi, wakuu wa ligi waliugawa msimu vipande viwili na kusema mshindi wa kila kipande aingie mtoano. Cincinnati Reds walishinda mechi 66 na kufungwa 42, rekodi bora kuliko timu yoyote mwaka ule, ila walikuwa wa pili kwenye kipande cha kwanza na wa pili tena kwenye cha pili. Wakabaki nyumbani. Walipandisha bendera yao wenyewe uwanjani kutangaza kwamba ndio waliokuwa na rekodi bora. Mimi ningefanya vilevile.

Ugomvi huu una majira yake, na ukiyajua unaweza kukisia nani ataanza. Wachezaji wanalipwa mishahara kuanzia masika msimu unapoanza hadi mwishoni mwa Septemba. Pesa nono ya wamiliki, hasa ya televisheni, iko Oktoba, kwenye mtoano na fainali. Kwa hiyo mchezaji akigoma Agosti ameshapokea sehemu kubwa ya mshahara wake, na mwenye timu bado anaisubiri mavuno. Mwenye timu naye ana silaha yake: anawafungia wachezaji nje wakati wa baridi, pale ambapo hakuna mechi ya kupoteza, akingoja masika yakaribie na mchezaji aanze kuhesabu mshahara wa kwanza utakaomkosa. Ndiyo maana migomo mikubwa imeangukia kiangazi, na kufungiwa nje kwa mwaka 1990 na ule wa 2021 kulianza kwenye baridi. Mgomo shabiki anauita uhuni wa wachezaji. Kufungiwa nje hakupi jina, kwa sababu hakujamkosesha kitu siku hiyo.

Turudi 1994. Mkataba wa pamoja kati ya wamiliki na chama cha wachezaji ulikuwa umeisha Desemba 1993. Wamiliki walitaka ukomo wa mishahara, yaani kila timu isiruhusiwe kuvuka kiwango fulani cha malipo ya wachezaji wote kwa pamoja. Chama, sasa chini ya Donald Fehr, kilikataa, kwa hoja kwamba timu zikiwa maskini zigawane mapato zenyewe kwa zenyewe badala ya kukata mfuko wa mchezaji. Agosti wamiliki wakaacha kupeleka dola milioni 7.8 zilizotakiwa kuingia kwenye mfuko wa mafao ya wachezaji. Na kiti cha kamishna, anayetarajiwa kusimama katikati, kilikuwa kinakaimiwa na Bud Selig, mmiliki wa Milwaukee Brewers! Wamiliki walikuwa wamemsukuma nje kamishna aliyetangulia mwaka 1992. Mgomo ulianza Agosti 12, na Septemba 14 Selig akatangaza kwamba msimu umekwisha.

Shabiki alipoteza nini? Tony Gwynn wa San Diego alikuwa na wastani wa .394, yaani karibu mapigo manne yenye mafanikio katika kila majaribio kumi. Aliyefikisha .400 mara ya mwisho ni Ted Williams, mwaka 1941. Matt Williams wa San Francisco alikuwa ameshapiga mipira 43 ikavuka uzio, na timu yake ilibakiwa na mechi 47. Rekodi ya msimu ilikuwa 61, iliyosimama tangu 1961. Huenda wote wawili wangeshindwa. Lakini raha yenyewe ilikuwa katika kungoja kuona.

Walioumia kuliko wote ni watu wa Montreal, Kanada. Timu yao, Expos, ilikuwa imeshinda mechi 74 na kufungwa 40, rekodi bora ya ligi nzima, kwa kikosi cha vijana wa mishahara midogo. Kabla msimu uliofuata haujaanza, uongozi ulikiuza na kukiachia: Ken Hill akaenda, John Wetteland akaenda, Marquis Grissom akaenda, Larry Walker akaondoka bila hata kubembelezwa. Watu wakapunguza kwenda uwanjani, timu ikazidi kudhoofika, na mwaka 2005 ikahamia Washington. Wanaotetea ukomo wa mishahara husema kwamba ungeziokoa timu kama hizo. Mimi naona mwenye timu aliyewaachia nyota wanne ndani ya siku chache baada ya mgomo alikuwa na haraka ambayo ukomo usingeitibu.

Rais Bill Clinton alijaribu kupatanisha, akaweka mwisho wa mazungumzo Februari 6, 1995, siku ambayo Babe Ruth, nguli wa besiboli wa zamani, angetimiza miaka mia. Siku ikapita. Wamiliki wakaleta wachezaji wa kuziba nafasi kwenye mazoezi ya masika: watu waliostaafu, waliokataliwa, wa ligi za chini. Sparky Anderson, kocha wa Detroit aliyekuwa na heshima kubwa, alikataa kuwafundisha. Peter Angelos, mmiliki wa Baltimore, alikataa kuunda timu ya namna hiyo. Mwisho, Machi 31, jaji mmoja wa New York aliyekulia Bronx aliwaamuru wamiliki warudishe masharti ya zamani ya kazi, kwa kuwa waliyabadilisha bila kujadiliana kwa nia njema. Jina lake Sonia Sotomayor, ambaye tangu 2009 ni jaji wa Mahakama Kuu. Mgomo ukaisha baada ya siku 232. Kwa maneno mengine, mahakama iliwaona wamiliki ndio waliovunja sheria. Hilo shabiki wengi hawalikumbuki.

Wanachokumbuka ni hasira. Siku timu ya New York Mets ilipofungua msimu nyumbani mwaka 1995, vijana watatu waliovaa fulana zilizoandikwa neno moja, tamaa, waliruka uzio na kuwarushia wachezaji noti za dola moja moja miguuni. Wastani wa watazamaji kwa mechi ulishuka kwa takribani asilimia 20 mwaka ule.

Nadhani nawaelewa wale vijana, ila noti zao zilirushwa upande mmoja. Mshahara wa mchezaji huchapishwa gazetini hadi dola ya mwisho. Hesabu za timu nyingi ni siri ya mwenyewe, na anaposema anapata hasara unatakiwa umwamini hivyohivyo. Isitoshe, katikati ya miaka ya 1980 wamiliki walikula njama ya kutogombea wachezaji walio huru, yaani waliomaliza mikataba, ili mishahara isipande. Walibainika, na mwaka 1990 wakakubali kulipa dola milioni 280. Katika miaka hiyo ya njama tiketi hazikushushwa bei kwa heshima ya shabiki. Bei ya tiketi hupangwa kwa kuangalia wewe uko tayari kutoa kiasi gani. Mchezaji akilipwa kidogo, kinachobaki kinaingia kwenye mfuko wa mwenye timu.

Mara ya mwisho walipokwama ni Desemba 2, 2021. Wamiliki waliwafungia nje wachezaji kwa siku 99, ligi ikaondoa hata picha za wachezaji kwenye tovuti yake, na kamishna Rob Manfred akatangaza kufutwa kwa mechi za mwanzo. Walipoelewana Machi 10, mechi zilirudishwa na zote 162 zikachezwa. Mshahara wa chini ulipanda hadi dola 700,000. Ukomo wa mishahara haukupatikana safari hiyo pia, ila ipo kodi inayotozwa timu inayovuka kiwango fulani cha matumizi, na timu tajiri huilipa kama ushuru wa maegesho.

Mkataba huo uliandikwa uishe Desemba 1, 2026. Angalia kalenda: ni mwanzo wa baridi, tena, na mechi ya kwanza iko mbali. Tangu Desemba 2024 Juan Soto ana mkataba wa dola milioni 765 na Mets, na tarakimu hiyo ndiyo utakayoisikia kila siku mazungumzo yakikwama. Ukiisikia, uliza na mapato ya Mets ni kiasi gani.