Cheti cha jina la biashara si hati ya kumiliki jina

Wafanyabiashara wengi wadogo Tanzania huamini kwamba ukishapata cheti cha jina la biashara, jina ni mali yako na hakuna mwingine wa kuligusa. Si ajabu kufikiri hivyo, maana mfumo wenyewe wa usajili hukataa jina linalofanana mno na lililokwisha kusajiliwa.

Lakini cheti hicho huonyesha tu nani anafanya biashara kwa jina gani. Hakiigeuzi saluni yako kuwa kampuni: deni la saluni bado ni deni lako, na linaweza kufika hadi kwenye kiwanja chako. Anayetaka kulinda jina au nembo husajili alama ya biashara, chini ya sheria nyingine, ya mwaka 1986. Ulinzi huo ni wa miaka 7, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Nao hauvuki maji. Zanzibar ina daftari lake la alama.

Kabla ya kulipia bango, tafuta jina lako kwenye madaftari yote mawili, la majina na la alama. Jaribu na tahajia zinazokaribiana.